Kadi Unayo, Matibabu Je? Kanuni Zinazoifanya Bima ya Afya Iwe Kinga

Barua ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilimshukuru shangazi yangu kwa kuendelea kuwa mwanachama. Ya pili ilisema dai lake la vipimo vya baada ya upasuaji "halikuidhinishwa kwa kuwa huduma husika haikuwa ya lazima kitabibu." Aliisoma mara tatu, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo daktari alinipima kwa kujifurahisha?" Alikuwa amelipa mchango wa bima miaka 11 bila kuruka hata mwezi mmoja.

Nitairudia barua hiyo. Nimeanza nayo kwa sababu mjadala wa gharama za matibabu karibu kila mara huishia kwenye swali moja: bima inalipiwa kiasi gani? Ni swali la haki, ila ni nusu ya habari. Mchango ukiwa mdogo, halafu siku ya kuugua ukaambiwa ugonjwa wako haumo, hospitali uliyokimbilia haimo, au kiwango chako kimekwisha, basi umelipa mara mbili: kwanza bima, kisha matibabu yenyewe. Unafuu wa bima hujulikana kwenye dirisha la malipo hospitalini, mgonjwa akiwa benchi. Na kinachoamua mambo pale dirishani ni kanuni zilizoandikwa zamani, mtu hajaugua bado, na watu ambao mwanachama hatawaona maishani mwake.

Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia, katika ripoti yao ya pamoja ya 2023, zilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 4.5 hawakuwa wakipata huduma zote muhimu za afya mwaka 2021, na kwamba takribani bilioni 2 waliumizwa kifedha na matibabu ya kujilipia mwaka 2019. Kipimo kimoja kinachotumika kimataifa huihesabu familia kuwa imo hatarini pale matibabu yanapokula zaidi ya asilimia 10 ya bajeti yake. Wamo humo wasio na bima yoyote, na wamo wenye kadi mfukoni.

Watu 100 na mfuko mmoja

Ili kuelewa kwa nini bima inahitaji kanuni kali, tuanze na hesabu ndogo. Chukua watu 100. Tuseme kila mwaka 5 kati yao hupata ugonjwa mzito, na kumtibu kila mmoja kunagharimu 1,000. Hakuna anayejua zamu itamwangukia nani. Wakichanga 50 kila mmoja, mfuko unapata 5,000 na wagonjwa wote wanatibiwa. Hiyo ndiyo bima. Walio wazima leo wanawabeba wanaoumwa, na kesho mabega hubadilishana mzigo.

Sasa wanajitokeza 20 wenye afya njema wanaosema, mimi siumwi, kwa nini nichange? Wanatoka. Wagonjwa ni walewale 5 na gharama ni ileile 5,000, ila wachangaji wamebaki 80, kwa hiyo mchango unapanda hadi 62.5. Kupanda huko kunawachosha wengine 30, nao wanaondoka. Wamebaki 50 na mchango umefika 100, mara mbili ya ulipoanzia. Wanaong'ang'ania mwishoni ni wasioweza kutoka: mwenye kisukari, mwenye figo zinazoshindwa, mjamzito, mzee. Mfuko unakufa huku umejaa watu wanaouhitaji kuliko wote.

Wachumi wamelieleza jambo hili tangu zamani. Kenneth Arrow aliandika mwaka 1963 kwamba matibabu hayawezi kuachiwa soko kama bidhaa nyingine, kwa kuwa mgonjwa hajui ataugua lini wala hana ujuzi wa kupima anachouziwa. Mwaka 1970 George Akerlof alionyesha ni kwa nini watu waliovuka miaka 65 huhangaika kupata bima kwa bei yoyote ile: kadiri bei inavyopanda, ndivyo wanaojiunga wanavyokuwa wale wanaojijua kuwa ni wagonjwa.

Hilo ni kosa la upande wa wachangaji. Kampuni nazo zina lao. Kampuni inayoshindana sokoni hujua kwamba njia rahisi ya kupata faida ni kuwakwepa wagonjwa, na njia hiyo haidai akili nyingi: fomu yenye maswali 40 kuhusu afya yako na ya wazazi wako, kumnyima kadi mwenye shinikizo la damu, kumtoza mara tatu aliyewahi kuugua saratani, kuondoa uzazi kwenye mafao ili wanawake wenye umri wa kuzaa wasijiunge. Kuna njia moja ambayo kwangu ni mbaya kupita zote. Mwaka 2009 kamati ndogo ya Bunge la Marekani ilibaini kwamba kampuni 3 zilikuwa zimefuta mikataba karibu 20,000 katika miaka 5, zikajiepusha na madai ya dola zisizopungua milioni 300. Mtu anagundulika na ugonjwa wa gharama, kampuni inafukua fomu yake ya zamani, inatafuta jambo lolote ambalo hakulitaja, kisha inatangaza kwamba mkataba haukuwa halali tangu mwanzo. Miaka yote aliyochanga akiwa mzima hakuna aliyeifungua fomu ile.

Mafiga matatu

Suluhisho la kwanza linalomjia kila mtu ni kupiga marufuku: hakuna kumkataa mgonjwa, hakuna kumtoza zaidi kwa sababu ya ugonjwa aliokuwa nao kabla. Naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini likisimama peke yake huua mfuko, na sisi tunaotetea haki za wanachama lazima tuseme hivyo waziwazi. Kama nina hakika ya kupokelewa siku yoyote, kwa nini nisingoje niugue ndipo nijiunge?

Jimbo la Washington, Marekani, lilipita njia hiyo. Mwaka 1993 lilitunga sheria iliyozilazimu kampuni kuwapokea watu wote, na sheria hiyohiyo ilikusudia kumlazimu kila mkazi awe na bima. Mwaka 1995 wanasiasa waliondoa sharti la kila mtu kujiunga, wakaacha sharti la kampuni kupokea watu. Watu wakafanya kile ambacho hesabu yetu ya watu 100 inatabiri. Kufikia 1999, mtu wa kawaida aliyetaka kujinunulia bima mwenyewe katika sehemu kubwa ya jimbo hilo hakupata kampuni ya kumuuzia, awe mgonjwa au mzima.

Mafiga mawili hayainjiki chungu. Figa la kwanza ni marufuku ya kuwabagua wagonjwa. La pili ni kila mtu kuchanga, wazima kwa wagonjwa. La tatu ni ruzuku kwa asiyeweza kuchanga, maana huwezi kumlazimisha mtu anunue kitu kisha ukamwachia bei isiyofikika. Ujerumani iliweka figa la pili mapema kabisa: sheria ya bima ya ugonjwa ya mwaka 1883, enzi za Kansela Otto von Bismarck, iliwalazimu wafanyakazi wa sekta kadhaa kujiunga, wao wakilipa theluthi mbili za mchango na mwajiri theluthi moja.

Marekani ilijaribu kuyapanga yote matatu kwa pamoja katika sheria aliyoitia saini Rais Barack Obama tarehe 23 Machi 2010. Tangu 2014 kampuni haiwezi kumkataa mtu kwa ugonjwa aliokuja nao, wala kumtoza mzee zaidi ya mara tatu ya kijana. Kufuta mkataba wa mtu kwa sababu ameugua kulipigwa marufuku, isipokuwa pale alipodanganya kwa makusudi. Asiyejiunga alitozwa faini, na wenye kipato kidogo au cha kati wakapewa ruzuku. Faini ikafanywa sifuri kuanzia 2019, na wengi walitarajia chungu kianguke. Hakikuanguka, kwa sababu figa la ruzuku lilikuwa nene kiasi cha kuwafanya wazima wengi waone kubaki kuna faida. Kwa hiyo ruzuku si sadaka kwa maskini peke yao. Inamweka mfukoni hata yule kijana asiyeumwa, na kwa kumweka yeye inamlinda jirani yake mwenye kansa.

Afrika Kusini inatupa funzo kutoka upande mwingine. Sheria yake ya mwaka 1998 inavizuia vyama vya bima ya matibabu kumkataa mwombaji au kumtoza kulingana na afya yake, na inavilazimu kulipia orodha ya magonjwa yapatayo 270 ambayo hayawezi kuondolewa kwenye mafao. Ni ulinzi mzuri. Lakini hakuna sharti la kila mtu kujiunga, kwa hiyo sheria inaruhusu kumtoza nyongeza anayejiunga akiwa na umri mkubwa bila historia ya uanachama, na kumsubirisha hadi miezi 12 kwa ugonjwa aliokuja nao. Kila kinga isiyokamilika huzaa sharti la kuizibia pengo, na sharti hilo humwangukia mtu fulani mwenye jina na familia.

Vikomo viwili

Katika mikataba ya bima neno "kikomo" lina maana mbili zilizo kinyume kabisa, na nimeona watu wenye elimu kubwa wakizichanganya.

Kikomo cha kwanza ni cha kampuni: haitalipa zaidi ya kiasi fulani kwa mwaka, au kwa maisha yako yote. Ukikifikia, kilichobaki ni chako. Kikomo cha pili ni cha mgonjwa: wewe hutalipa zaidi ya kiasi fulani kwa mwaka, na kilichobaki ni cha kampuni. Maneno ni yaleyale, lakini mzigo mkubwa umebadili bega. Tuseme matibabu ya mtu yamefika 1,000. Mkataba wenye kikomo cha kampuni cha 300 unamwachia mgonjwa 700. Mkataba wenye kikomo cha mgonjwa cha 80 unamwachia 80 tu, hata matibabu yakifika 10,000.

Sasa fikiria ni nani hukifikia kikomo cha kampuni. Si mwenye mafua. Ni mtoto njiti aliyelala wiki 9 kwenye chumba cha uangalizi, ni mtu anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, ni aliyeungua moto. Yaani bima hiyo inakulipia vidogo ambavyo pengine ungevimudu, na kukuacha mkono kwenye kikubwa ambacho ndicho ulichokatia bima. Kama ningepewa nafasi ya kubadilisha kifungu kimoja tu katika sheria za bima za nchi yoyote, ningebadilisha hiki: kikomo kiwe cha mgonjwa. Sheria ya Marekani ya 2010 ilifanya hivyo kwa mafao ya msingi, ikafuta vikomo vya mwaka na vya maisha vya kampuni na kuweka kikomo cha anachojilipia mwanachama akitibiwa ndani ya mtandao wa bima yake, yaani hospitali zenye mkataba nayo.

Chini ya kikomo hicho kuna malipo mengine ya mwanachama: kiasi anachojilipia kila mwaka kabla bima haijaanza kulipa, na sehemu ya gharama anayolipa kila anapohudumiwa. Watetezi wa malipo hayo husema yanazuia watu kwenda hospitali ovyo. Wana ushahidi kiasi. Utafiti mkubwa wa taasisi ya RAND nchini Marekani, ulioanza miaka ya 1970 na kumalizika 1982, uligundua kwamba wanaojilipia sehemu ya gharama hutumia huduma kidogo zaidi. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba walipunguza huduma za maana sawasawa na zisizo za maana. Ndivyo ilivyo, mgonjwa hana namna ya kujua kama maumivu ya kifua ni gesi au ni moyo, na kuyatofautisha ndiko kunakompeleka kwa daktari. Kwa hiyo uchangiaji uwe mdogo, uendane na kipato, na usiguse chanjo, kliniki ya wajawazito wala dawa za kila siku za wenye magonjwa sugu.

Bili ya mtu usiyemchagua

Umechagua hospitali iliyomo kwenye mtandao wa bima yako. Umechagua daktari mpasuaji aliyemo. Umelala mezani, ukalazwa usingizi na mtaalamu ambaye hukumwona kabla, na mwezi mmoja baadaye inakuja bili yake peke yake, kamili, kwa kuwa yeye hakuwa na mkataba na bima yako. Ungemkataaje mtu aliyekulaza usingizi?

Marekani ilipitisha sheria dhidi ya bili za namna hii mwishoni mwa 2020, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Katika dharura, na kwa mtaalamu wa aina hiyo ndani ya hospitali ya mtandao, mgonjwa hulipa kana kwamba wote wana mkataba. Ugomvi wa kilichobaki ni kati ya kampuni na mtoa huduma. Wazo lake ni la kuigwa popote: mgonjwa atolewe katikati ya magomvi ya bei. Hata hivyo magari ya wagonjwa ya barabarani yaliachwa nje ya sheria hiyo, na gari la wagonjwa ndilo hasa ambalo mtu aliyezimia hana namna ya kulichagua.

Niseme pia jambo ambalo kampuni hulisema, na hapa zina haki: bima haiwezi kuifanya huduma ghali iwe rahisi, inaigawanya gharama tu. Bei za hospitali na dawa zikipaa, mchango nao utapaa. Japani, iliyofikia bima kwa wote mwaka 1961, huwa na orodha moja ya bei za matibabu kwa nchi nzima, na huipitia kila baada ya miaka 2. Hospitali haijipangii bei kwa kumtazama mgonjwa usoni. Anayetaka bima nafuu hana budi kugusa bei hizo pia.

Jibu la barua

Turudi kwa shangazi. "Si ya lazima kitabibu" ni maneno mazito, na ajabu ni kwamba barua haikusema ni nani aliyeamua hivyo, kwa kifungu gani, wala shangazi ana siku ngapi za kupinga. Kwa wengi habari huishia hapo. Shirika la utafiti la KFF lilichambua takwimu za bima zinazouzwa katika soko la serikali kuu ya Marekani: mwaka 2023 karibu dai 1 kati ya 5 lililotoka hospitali za mtandao lilikataliwa, na wanachama walikata rufaa kwa chini ya asilimia 1 ya madai yaliyokataliwa. Katika rufaa zilizokatwa, kampuni zilishikilia uamuzi wao kwa asilimia 56 tu. Yaani kati ya wachache waliothubutu kuuliza, zaidi ya wawili katika kila watano walisikilizwa.

Wasiouliza si wavivu. Ni watu wanaoumwa au wanaouguza, na barua imeandikwa kwa namna inayofunga mlango. Ndiyo maana haki ya rufaa haitoshi kuwepo; lazima iandikwe kwenye barua yenyewe ya kukataliwa. Kanuni za Marekani zinampa mwanachama siku 180 za kukata rufaa, zinaipa kampuni siku 30 kujibu kama matibabu hayajatolewa, siku 60 kama yameshatolewa, na saa 72 kwa jambo la haraka. Kampuni ikishikilia msimamo, mwanachama anaweza kupeleka shauri kwa wakaguzi wa nje wasioajiriwa nayo. Kwangu hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, kwa maana kampuni haiwezi kuwa mlipaji, daktari na hakimu kwa wakati mmoja.

Sisi hatukuwa na kanuni nzuri kiasi hicho. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja tukiomba mambo mawili: kifungu cha mkataba kilichotumika, na nakala ya dai kama lilivyopokelewa kutoka hospitali. Nakala ilipokuja tuliisoma mezani kwake, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Mstari wa 4 ulikuwa na kisanduku cha aina ya huduma, na ndani yake mtu alikuwa ameandika "uchunguzi wa kawaida." Shangazi alikuwa amepasuliwa siku 19 kabla. Daktari wake aliandika aya tatu kueleza kwamba ule ulikuwa ufuatiliaji baada ya upasuaji, tukaambatanisha, tukapeleka kwa mkono na kugongewa muhuri kwenye nakala yetu.

Walilipa baada ya wiki 7. Barua ya jibu nayo ilikuwa na aya mbili, bila neno lolote kuhusu kosa lilitoka wapi. Katika vitabu vya kampuni, dai lile sasa limeandikwa "limelipwa." Mdhibiti wa bima akilitazama hataona kwamba lilikataliwa kwanza, wala hatajua ni mangapi mengine yalikwama kwenye kisanduku kama kile na wenyewe wakanyamaza. Ndiyo sababu jambo ninalolidai kwa sauti kubwa kuliko mengine siku hizi ni kwamba kila kampuni na kila mfuko utangaze hadharani, kila mwaka, umekataa madai mangapi, kwa sababu zipi, na mangapi kati ya hayo uliyageuza baada ya mwanachama kuuliza.